Sodiamu Iliyomo Kwenye Chumvi

Ndani ya treni, fundi cherehani alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mwalimu wa kemia, jicho moja limefungwa bandeji, alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye jinsi kipande cha sodiamu kilivyoangukia majini kikalipuka.

"Sodiamu hiyohiyo imo kwenye chumvi, mama."

Mama akaduwaa. "Hii ninayompikia mume wangu?"

"Ndiyo. Ina elektroni moja ya nje, haikawii kuiachia. Klorini, nayo sumu, ikiipokea, zinashikamana na kutulia."

"Na jicho?"

"Halioni tena. Jumatatu narudi darasani."

Mama akaitazama bandeji. "Binti yangu kachagua kusomea kemia. Ndio naenda kumpa baraka."

Treni ikasimama kwenye kituo alichopaswa kushukia mama. Hakuinuka.