Baba Miguu Anatuaga Wodini

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mhudumu wa kiroho wa hospitali yetu anastaafu. Cheo hicho ni kirefu, na wagonjwa walikifupisha zamani: Baba Miguu. Nimeombwa niandike mimi, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, kwa kuwa ndiko alikoshinda. Kamati ya kumuaga imetaka maneno ya furaha. Nitajitahidi.

Alikuja hapa kama seremala. Siku moja alikuwa chini ya kitanda akikaza ubao uliolegea, mzee aliyelala juu akamwomba sala. Akajibu kutoka huko huko chini, "Mzee, mimi fundi tu." Mzee akasema, "Basi niombee kifundi." Akatoka na nyundo mkononi, akaomba. Mchungaji wetu alikuwa amesimama mlangoni, na kabla ya mwezi kwisha fundi alikuwa na kazi ambayo hakuitafuta.

Hakujiona anastahili kumwekea mtu mkono kichwani. Hiyo, alisema, ni ya watu wasafi. Basi akawa anasimama mwisho wa kitanda na kushika miguu, jina likampata. Wiki ya kwanza alimwombea mgonjwa mmoja uponyaji hadi jasho likamtoka, kisha akaniagiza blanketi la pili kwa sababu miguu ya yule ndugu imepoa mno. Ndugu alikuwa amekwisha kukata roho. Tulikuwa tunasubiri machela. Kicheko cha wauguzi kilifika jikoni. Yeye alijifungia stoo ya mashuka akalia, na tangu hapo akashikilia kwamba Mungu alikosea mlango.

Tulimtia moyo kadiri tulivyoweza. Nilimkumbusha kwamba hata manabii walikuwa na ndimi nzito. Akajibu kwamba manabii walipewa wasaidizi wa kuwasemea, na yeye amepewa mimi. Mara nyingi alikwenda kwa mchungaji kuomba apumzishwe. Jibu lilikuwa lile lile: avumilie kidogo, mtu anatafutwa. Mtu huyo anatafutwa mpaka leo.

Mwaka juzi mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alilazwa kwetu, kitanda cha dirishani. Baba alifunga, akaomba, akaita na wenzake waombe, maana sala zake mwenyewe hakuziamini. Kijana alifariki Alhamisi mchana.

Baada ya msiba alirudi. Nilidhani amekuja kukabidhi funguo. Alisimama mlangoni, macho makavu, akaniambia, "Dada, sina cha kuwapa hawa." Kitanda cha dirishani kilikuwa na mgonjwa mwingine, mwashi mwenye ugonjwa wa figo, asiyejua lolote. Mwashi akamwita, "Baba, njoo basi." Akaenda. Sala haikutoka hata neno moja. Alishika ile miguu tu. Kisha akaenda kitanda cha pili, na cha tatu. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia faraja yoyote, si siku hiyo wala zilizofuata. Ila keshoye alikuja tena.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama sasa, mwisho wa safari, anaamini aliitwa. "Sijui, dada," akasema. "Usiandike kwamba niliitwa. Andika kwamba nilikuwa nakuja."

Nimeandika hivyo, Baba, ingawa sikubaliani nawe. Ijumaa tutakunywa chai na kupiga picha. Jumatatu vitanda vitakuwa vimejaa, na wagonjwa watakuita kama kawaida.

Asante kwa kila asubuhi uliyokuja ukiwa huna kitu. Tunakutakia pumziko jema, na Mungu uliyemtumikia kwa hofu miaka yote hii akuambie mwenyewe kwamba hakukosea mlango.