Tembo Wenye Manyoya na Mama Yangu

Ndugu zangu wa Butihinda, amani iwe kwenu. Nawaomba msinipigie makofi, maana nitakayosema yananitia aibu.

Mnajua tulirudi hapa kwetu Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na mama. Nikaenda Gitega kutafuta maisha, nikapata kazi kwenye kibanda cha video. Filamu zinaongea Kifaransa, mimi nashika maikro natafsiri kwa Kiswahili. Nilikotoka sikusema. Niliwaambia watu wa Gitega mimi ni mtoto wa Muyinga mjini. Nilikuwa nimeona wanavyotucheka sisi tuliorudi, wanaotuita rapatriye, na Kirundi chetu hiki kinachojikwaa.

Siku moja ikaja katuni ya wanyama wa kale. Tembo wenye manyoya wanarudi kwenye bonde lao baada ya barafu kuyeyuka, wanakuta wengine wamekaa. Watu wakanyamaza kabisa. Ukimya ule ulinitisha, nikaanza utani. Nikasema, "Hawa wametoka Tanzania, wanataka mashamba ya watu." Kibanda kizima kikacheka. Nyuma ya kundi kulikuwa na tembo jike, mzee, anachechemea. Ndugu zangu, nikampa sauti ya mama yangu, na Kirundi chake cha kambini. Walicheka mpaka machozi.

Filamu ilipoisha mama alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa maharage, ametoka huku kuniletea. Nikamwambia sikumwona akiingia. Akaniuliza tu, "Wale wanyama, mwishowe walipokelewa?"

Sikujua. Nilikuwa nimepiga kelele juu ya maneno yao yote.

Wiki ile nilishindwa hata kula yale maharage. Jumamosi nikaiweka tena filamu ile ile, nikawaambia watu kwamba mimi mwenyewe nimetoka kambini, kisha nikatafsiri yale tu yaliyosemwa. Wengine walitoka. Nikamrudishia mwenye kibanda maikro yake. Yeye ni mzee wa pale pale Gitega. Akasema, "We, kumbe uko rapatriye? Bon, endelea tu. Mi sifukuze mutu."

Namshukuru mzee yule, nanyi mlionipa nafasi ya kusimama hapa. Nawaambia, ukimcheka mwenzako ili wewe usichekwe, utaanza na watu wa mbali na utamalizia kwa aliyekuzaa.

Mama amekaa pale benchi la nyuma. Mama, nilikudanganya. Nilikuona ukiingia, kabla yule tembo mzee hajatokea. Nisamehe.