Nywele za Somoe

Ndani ya basi la Mtoni, Adelina wa chuo cha ualimu alijifanya anasoma, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Somoe, aliyebatizwa Pasaka, alikuwa akimwambia mama yake wa ubatizo, "Moyo unanituma nishuke Mtoni kwa mama anisuke. Tangu niache dini yake hajanigusa kichwa."

"Moyo huohuo uliokuwa ukikupeleka ngomani?"

"Ule si mlisema umezikwa majini? Na huu mpya nao hamuuamini?"

"Mpya ndio haujui njia, mwanangu. Akikufungia mlango?"

"Nitakaa barazani."

Adelina alikuwa kwenye ukurasa uleule tangu mjini. Basi liliposimama Mtoni, Somoe alikuwa amekwisha kuvua kilemba, na yule mama wa ubatizo bado amemshika upindo wa kanga.