Jinsi Farasi Wetu Mupole Alivyorudishiwa Mguu Wake

Wapendwa wa Mungu hapa Kindu, amani iwe kwenu. Sifa zote zimrudie Bwana aliyetuamsha leo. Mimi ni Mama Zawadi, muuza mpunga sokoni. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya farasi.

Farasi huyo anaitwa Mupole. Ni mdogo, mgongo wake unaishia kifuani mwangu. Marehemu mume wangu alipewa na mwenye shamba la kahawa aliyemfanyia kazi upande wa Kailo, siku yule bwana alipofunga shamba na kuondoka. Mupole alituvutia kigari cha mpunga, na mtaa mzima ulimjua.

Kisha vita vikafika. Treni ikakoma kuja, soko likawa tupu, mume wangu akafa kwa homa bila dawa. Siku risasi zilipoingia mtaani kwetu, tulikimbilia msituni na wengine. Mama yangu mzazi alikuwa amepooza miguu, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Ningewabebaje wote? Nikamweka mama juu ya Mupole, nikamfunga kwa kitenge asianguke.

Kwenye kijito kimoja daraja lilikuwa la magogo. Gogo likateleza, mguu wa nyuma wa Mupole ukazama katikati mpaka kwenye paja. Ndugu zangu, mnyama mwingine angejirusha. Yeye alikoroma kwa maumivu, lakini akatulia mpaka wanaume wakamteremsha mama. Ndipo akajivuta akatoka, akambeba tena hadi shambani tulikojificha. Mama yangu alirudi Kindu akiwa hai. Alikufa baadaye, kitandani mwake, wajukuu wakimzunguka.

Mguu ule haukupona. Miaka ilivyopita, Mupole alizidi kuchechemea. Nyama ya paja ikakauka, akawa anagusa chini kwa ncha ya ukwato tu. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamsagia vidonge vya maumivu ndani ya ndizi. Haikusaidia. Alisimama uani akitetemeka, hata majani akayaacha. Shemeji yangu Kasongo, mtu anayenipenda, akaniambia, "Shemeji, huyu munyama iko anateseka. Tumuchinje. Hiyo njo huruma."

Niliomba tu: Bwana, huyu alimbeba mama yangu. Nionyeshe la kumfanyia.

Wiki ile ile akaja Daktari Fatuma, munganga wa mifugo, mzaliwa wa Kibombo, kuchanja mbuzi wa mtaa. Alishika nyonga ya Mupole, akaukunja mguu, na sote tukasikia kiungo kikisaga.

"Mama, kiungo kimekwisha," akasema. "Mufupa iko inasugua mufupa. Dawa haiwezi tena. Lakini naweza kupasua, nikate kichwa cha mufupa wa paja, kile kinachosugua. Musuli itajifunga pale na kushika nafasi ya kiungo."

"Atatembea bila kiungo?"

"Kama angekuwa farasi mukubwa, singejaribu, uzito ungemushinda. Huyu ni mwepesi. Lakini siahidi, Mama. Anaweza asiamuke."

Nikamwambia apasue.

Alirudi na mwenzake kutoka Bukavu, wakaja na dawa ya usingizi. Tukatandika godoro langu chini ya turubai uani. Kabla ya kisu, Fatuma akasema Bismillahi, mimi nikaliita jina la Yesu, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Nilishika kichwa cha Mupole, nimemfunika macho. Nikasikia msumeno. Kisha wakanionyesha kipande cha mfupa. Kilipaswa kuwa laini kama yai, lakini kilikuwa kimekwaruzika kama tofali lililovunjika. Nikalia, ndugu zangu. Hicho ndicho alichokanyagia miaka yote.

Alipozinduka, alijaribu kusimama, akaanguka. Nilidhani mguu umevunjika. Shemeji Kasongo, yule yule aliyetaka kumchinja, akaruka akamshika mkia, akamvuta juu kwa nguvu zake zote, akisema, "Simama, baba, simama." Akasimama.

Daktari alisema musuli hujengwa kwa kutembea. Kila asubuhi nilimtembeza polepole, kwanza uani, halafu mpaka barabarani. Siku nyingine alikataa, nami nikasimama naye. Mwishowe ukwato wote ukakaa chini. Bado anachechemea, mguu ule ni mfupi, siwezi kuwadanganya hapa mbele ya Mungu. Mpunga simvutishi tena. Lakini anakula, na maumivu yale yamekwisha.

Jumapili iliyopita nilitoka ibadani nikamkuta chali uani, anajigaragaza mchangani kama mtoto wa farasi. Kwa miaka mingi alikuwa analala amesimama, kwa kuwa akilala chini hakuweza kuinuka. Nikaweka Biblia kando nikamsaidie. Hakunihitaji. Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akaenda zake kwenye majani.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, namshukuru Fatuma, namshukuru shemeji yangu. Na wewe mwenye mzigo unaoona haya kuutaja kanisani, ukidhani si jambo la kuombewa, mpelekee Bwana. Mimi nilimpelekea nyonga ya farasi, naye hakunicheka. Amina.