Modestus na Mafuta ya Ndege

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Leo tunamkumbuka Modestus wa Kabanga. Wengi mlimwona pale stendi na baiskeli yake, madumu mawili ya njano nyuma.

Kazi yake ilikuwa hii. Alipita kwa wakaanga chipsi na mandazi, akachukua mafuta yaliyokwisha kuwa meusi karaini. Kila mwisho wa mwezi lori liliyapeleka kiwandani, yakageuzwe mafuta ya ndege. Narudia: mafuta ya ndege. Siku hizi mashirika ya ndege yanayatafuta, ili kupunguza hewa chafu.

Sisi tulicheka. Nimpaye, mkaanga mandazi pale stendi, alimwambia, "Kaka Modestus, ndege ipae kwa mafuta ya mandazi yangu? Acha utani bwana."

Sasa sikilizeni. Kiwanda kilikataa mafuta yenye makombo. Modestus akayachuja kwa kipande cha shuka jeupe, mara mbili, mara tatu. Mkewe, Eustakia, anakumbuka: "Aliniambia ndege ina tumbo dogo, haitaki makombo." Usafi huo ndio uliomponza. Watu walimwona uani akichuja, wakajiuliza, mafuta ya mashine yanachujwa hivyo ya nini? Wakasema anayauza tena, tuyale.

Mwezi wa tatu ulifika ujumbe wa simu hapa studio. Haukuwa na jina. Ulisema Modestus anatulisha sumu.

Wasikilizaji wapendwa, ujumbe ule niliusoma mimi. Niliusoma saa mbili asubuhi, nikaongeza na kicheko. Sikumpigia kumuuliza. Na namba yake nilikuwa nayo.

Kabanga wote wakamfungia milango. Akapanda basi kwenda gulio moja upande wa Biharamulo, labda huko atapata mafuta. Redio inafika mpaka huko. Watu wa gulioni wakamtambua kwa madumu yake, wakampiga mawe, wakamwaga madumu yote mawili. Alilala hospitali siku nane, akafariki. Ameacha mke na watoto watatu.

Juzi lori la kiwanda lilikuja Kabanga, dereva akatuambia mafuta yote ya Modestus yalifika kiwandani, na lori likajaa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nimpaye. Alinionyesha dumu lake huku analia. "Nimechuja mara tatu," akasema, "kama yeye." Sasa kila mtu anayakubali mafuta ya ndege. Inauma sana.

Nilikwenda kwa Eustakia kuomba radhi. Alinipa kiti, na sikukistahili. Nikamuuliza nifanye nini. Akajibu, "Ulimsema saa mbili asubuhi, watu wote wanasikiliza. Msafishe saa hiyohiyo."

Dada Eustakia, pole wewe, poleni watoto na ndugu wote wa marehemu. Nanyi mnaonisikiliza, ukiletewa neno baya juu ya mtu, mfuate mwenyewe kwanza, umuulize. Mimi sikufanya hivyo.

Ni saa mbili na dakika tano. Modestus hakumlisha mtu sumu. Narudia: Modestus hakumlisha mtu sumu.