Bwana, Bibi na Bado: Maisha ya Baba Yetu, Fundi wa Samaki

Baba yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baiskeli, mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma hadi darasa la nane. Mwalimu wake wa sayansi aliandika kwenye ripoti: "Anaangalia sana, anajibu polepole." Mwalimu alikuwa analalamika, lakini sisi tumeitunza ripoti hiyo kama cheti.

Alianza kazi kwa kukata vioo vya madirisha. Mwaka 1977 alifungua duka la samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi walio jamaa ya perege. Wateja walitaka dume na jike, na hapo ndipo penye kazi. Dume huwa na rangi kali, mapezi yaliyochongoka na madoa ya njano kwenye pezi la chini. Jike hufifia, na akitaga hubeba mayai mdomoni, asile karibu wiki tatu. Lakini mimi, binti yake mkubwa, niliyekaa naye dukani miaka ishirini, nakiri kuwa mara nyingi niliona samaki wawili kama shilingi kwa ya pili. Yeye alisogeza kiti, akanyamaza, kisha akasema yupi dume, yupi jike. Mpaka leo nashangaa.

Mwaka 1979 mshonaji wa mtaa wa pili alinunua bwana na bibi. Baba aliona kusema dume na jike ni kuwavunjia samaki heshima. Baada ya mwezi mshonaji akarudi na ndoo.

"Fundi, bwana amekufa, na bibi ameota ndevu!"

Kweli, bibi alikuwa buluu tupu. Alikuwa dume mnyonge, aliyeficha rangi kwa kumwogopa mkubwa.

"Nimekosa, dada," Baba akasema. "Nilimwangalia siku moja tu."

Siku hiyohiyo akabandika karatasi kwenye tangi la tatu: BADO. Samaki asiyejulikana alikaa humo mpaka ajulikane, hata mteja anune vipi. Baba na mshonaji walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1980. Mama husema, "Hata mimi aliniweka Bado, miezi minane!"

Kisukari kilimpata mwaka 2009, na kufikia 2019 alikuwa haoni ila vivuli. Niliogopa duka litazimika pamoja na macho yake. Tarehe 4 Juni mwaka huu wa 2023 nilimpelekea kitandani samaki ndani ya mfuko wa maji.

"Ana madoa ya njano, Baba. Ni bwana."

"Madoa hudanganya. Vitundu viwili vya chini, karibu na mkia, viko sawa?"

"Kimoja kikubwa."

"Basi ni bibi. Lakini usinifuate mimi, mwanangu. Mweke Bado, aseme mwenyewe."

Sikumwamini, lakini nilimweka Bado. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja mchomeleaji, wajukuu watano, na matangi matatu.

Leo, kabla ya kuja hapa, nilipita dukani kuwalisha. Yule wa Bado alikataa chakula. Nikasogeza kiti cha Baba, nikanyamaza, nikaangalia. Taya limevimba. Alipopanua mdomo kidogo, nikayaona mayai.

Baba, nimemtoa Bado. Ni bibi. Nawe sasa pumzika kwa amani.