Kikohozi cha Haji Alimamad

Assalaam aleikum, wapendwa wageni wetu. Natumaini mmefika salama na nyumbani mmewaacha wazima. Sisi wa karakana hatujambo, alhamdulillahi, ila mikono ni ya buluu kama kawaida.

Mwisho wa mwezi huu wa Shaaban, Haji Alimamad Khatri anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kuchapa vitambaa kwa mihuri ya mbao. Nimeambiwa niandike habari zake mimi, Osman, ninayechapa nyuma yake. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta kosa ni langu, na mkikuta sifa ni zake.

Haji ndiye mchapaji wa mistari. Hutangulia na muhuri wa kwanza, sisi tunafuata kujaza rangi ndani ya mistari yake. Akipinda yeye, kitambaa kizima kimepinda. Hajapinda. Tulipohama baada ya tetemeko, maji ya kijiji chetu cha zamani yalipogeuka na rangi zikakataa kushika, alitoka nyumbani amekumbatia mihuri kumi na miwili. Mkewe, Bi Jenabai, akamwuliza, "Na mimi utarudi kunichukua saa ngapi?"

Hagombezi mtu. Muhuri wako ukienda upande, yeye hukohoa. Mara moja tu, kikavu. Unausogeza, kazi inaendelea.

Sasa niwaambie aibu yangu. Shabu, inayofanya rangi nyekundu ishike, yenyewe haionekani kitambaani. Ndiyo maana tunaichanganya na udongo mwekundu, mtu aone amechapa wapi. Siku moja, tukiwa na shuka za harusi, nilisahau udongo. Nikachapa asubuhi nzima kitu kisichoonekana, bismillahi kila muhuri, nikijisifu kimoyomoyo kwa usafi wa kazi yangu. Haji akakohoa. Akakohoa tena. Nikamwonea huruma, nikampelekea chai ya tangawizi. Alipozidi, nikampa kikombe cha pili na kumsomea Fatiha kwa ajili ya kifua. Alinitazama sana, akanywa.

Shuka zilipotoka kwenye sufuria ya rangi zilikuwa na mabaka kama mbuzi wa jirani. Bwana Sidik, mwenye karakana, akafoka, "Kazi ya nani hii?"

"Kosa langu," Haji akasema. "Nilikohoa kidogo mno."

Akabaki nami siku tatu tukichapa upya, na bibi harusi hakujua lolote.

Sasa Bwana Sidik anataka muhuri wa kwanza niushike mimi. Nikamwambia, "Mpaka Haji aseme." Nimemwuliza Haji mara mbili kama ninaweza. Mara ya kwanza alikuwa anatawadha. Ya pili alicheka mpaka akakohoa, na hadi leo sijui kile kilikuwa kikohozi kipi.

Haji, ahsante kwa kila mstari. Mola akupe afya na macho makali, na Bi Jenabai ampe subira ya kukaa nawe nyumbani kutwa. Kitambaa kipya kinatandikwa Jumamosi. Tafadhali nijibu mapema. Ukiona vigumu kusema, njoo tu usimame nyuma yangu, nichape muhuri mmoja, nawe usikohoe.